Nilivyomshika Kiuno Baba Mkwe

Wapo wanawake waliomsalimia baba mkwe wakiwa wamesimama, wakasemwa mwaka mzima. Wapo waliopita mbele yake kichwa wazi, ikabidi wazee waitwe. Mimi, jamani, nilimshika kiuno. Tena kwa mikono miwili, mchana kweupe, kwenye barabara kuu, huku watu wamejaa pembeni kwa sababu ya foleni na hawana kingine cha kutazama. Chekeni tu, mimi nilishamaliza kulia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye vijisenti anajiagizia gari lililochoka kutoka Dubai, na mimi nilikuwa nauza vipuri katika duka la Mhindi mmoja pale mjini Mwanza, kwa hiyo nikajiona mtu wa magari (gari lenyewe sina, lakini plagi nazijua moja moja). Baiskeli kwangu ilikuwa kitu cha kubebea mkaa. Kutembea kwa miguu ndiyo usiniambie kabisa, maana nilikuwa navaa viatu vya mchuchumio hata siku ya mvua. Nilikuwa nimeolewa miezi michache tu na Masanja, fundi redio, tunakaa Mkolani, na asubuhi ya siku hiyo Masanja akaniambia baba yake anakuja jioni kutoka Bujora kututembelea kwa mara ya kwanza.

Shangazi yake Masanja hakutaka niolewe pale, alisema msichana wa mjini hana adabu, na mzee alikuwa anakuja ajionee mwenyewe. Neno atakalorudi nalo Bujora ndilo ningeishi nalo mpaka uzeeni.

Sasa mjue, kwao Wasukuma, kama kwetu Ukerewe, mkwe haguswi. Hampeani mikono, hukalii kiti chake, humkodolei macho. Siku ya harusi nilifuata mafundisho ya bibi yangu mpaka nikapitiliza, nikajifunika kanga gubigubi, nikainamisha kichwa, na kitu pekee nilichokiona cha baba mkwe ni viatu vyake vyeusi. Naye kwa heshima yake alikuwa anatazama paa. Mngeniuliza sura ya baba mkwe wangu ningewachorea viatu.

Basi nikaomba ruhusa mapema kazini, nikapita sokoni nikachukua sato wawili wanene, nikawatia kikapuni, nikapanda basi pamoja na jirani yangu Mama Koku. Kufika Mkuyuni, basi likasimama na halikuondoka tena. Lori la mapanki (yale mafuvu na mifupa ya sangara, viwanda vikishachukua minofu) lilikuwa limepinduka katikati ya barabara, watu wanagombania mapanki na ndoo zao, magari yamefungana huku na huku, kila dereva anapiga honi utadhani honi ndiyo itainua lori.

"Tushuke tutembee, mwenzangu," Mama Koku akasema. "Miguu haina foleni."

"Tembea wewe," nikamjibu. "Mimi na viatu hivi?"

Hilo ndilo lililoniponza. Mama Koku akavua kandambili zake, akazitia kwapani, akaondoka zake. Mimi nikakaa nikiwafikiria sato wangu kwenye lile joto, mwishowe uvumilivu ukanishinda, nikashuka. Upande wa pili wa lile lori, kivulini kwenye baraza la duka, nikamwona mzee mmoja amekaa juu ya baiskeli yake anajifuta jasho, jogoo ananing'inia kwenye usukani, na nyuma kwenye keria kuna gunia lililokunjwa vizuri. Siku hizo vijana walikuwa wameanza kubeba abiria kwa baiskeli na walikunja magunia hivyo hivyo ili abiria asiumie. Mimi nikaona gunia, sikuuliza. Nikakaa.

"Shikamoo mzee. Mkolani, na ukanyage, nimechelewa."

Yule mzee akashtuka kidogo. "Malahaba. Mkolani?" akauliza bila kugeuka. "Hata mimi ndiko naenda, mama. Utanionyesha njia."

(Mwenye akili angejiuliza, huyu mbeba abiria gani asiyejua Mkolani? Mimi nikasema moyoni, maskini, ni mgeni katika kazi.)

Tukaondoka. Mwanzoni nilikaa upande upande, nimeshika keria kama mtu mstaarabu. Lakini barabara ilikuwa na mashimo ya kumeza mbuzi, na shimo la kwanza tu nikajikuta nimemkumbatia yule mzee, kikapu kimembana mgongoni na mkia wa sato unamchapa shingoni. Magari yaliyokuwa yanaelekea mjini yamepanga mstari mrefu, na utingo mmoja akapiga kelele kutoka dirishani, "Shikilia hapo hapo, mama, bado ana nguvu huyo!" Basi zima likacheka. Tukampita Mama Koku, nikampungia mkono kama mgombea wa uchaguzi.

Na mdomo wangu, nauchukia mpaka leo, ukaanza kazi.

"Mzee, ongeza mwendo. Leo baba mkwe wangu anakuja, nikichelewa nimekwisha."

"Kumbe. Ni mkali?"

"Pilipili kichaa!" nikasema (nilikuwa sijawahi kuongea naye neno zaidi ya shikamoo, wenzangu, ukali wake niliutoa wapi?). "Na shangazi mtu ndiye sumu kabisa. Ati mimi sina adabu! Sasa mzee wangu, kwa unavyoniona, mimi sina adabu?"

Akakohoa. "Mumeo nani, huko Mkolani?"

"Masanja, fundi redio."

Baiskeli ikayumba. Nilihisi mwili wake wote umekakamaa kama ubao, nikadhani amechoka, nikampa pole. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, usinishike."

"Nisikushike nianguke?"

"Shika keria."

"Keria imenikata vidole, mzee. Twende!"

"Basi shuka, utembee kidogo, balabala hii mbaya."

"Nishuke, kwani mimi nimepanda ili nitembee?"

Leo nikikumbuka namwonea huruma. Yule mzee alikuwa ameshajua. Kusimama aniambie yeye ni nani ilikuwa aibu, kuendelea na mimi kiunoni ilikuwa aibu, akaona ajitenge nami kwa kadiri alivyoweza. Akainama mbele, akalala juu ya usukani kabisa, kifua kinamgusa jogoo. Nami nilipoona kiuno kinanikimbia, nikakifuata. Mteremko wa kuelekea Nyegezi ukatukuta hivyo. Jogoo akamdonoa, mzee akaachia mkono mmoja, na sote tukaingia mtaroni: baiskeli chini, mzee juu yake, mimi juu ya mzee, na sato juu yangu.

Kamba ya jogoo ikakatika akakimbia. Nikavua mchuchumio, nikamfukuza jogoo pekupeku mbele ya magari yaliyosimama, huyu ananielekeza kushoto, yule kulia, mpaka nikamkamata chini ya teksi. Niliporudi kwa furaha nimemkumbatia jogoo, mzee alikuwa amenipa mgongo anatazama ziwa.

"Mama, wewe tangulia," akasema. "Mimi nitakuja taratibu."

"Nikuache hivi, goti linatoka damu? Mimi si mtu wa namna hiyo." Nikaokota sato wangu, nikasukuma baiskeli mwenyewe, yeye akatembea ng'ambo ile ya barabara, mbali kweli, nami nikasema moyoni wazee wengine wana madeko. Hivyo tukafika Mkolani kwa miguu, ile ile niliyoikataa Mkuyuni.

Masanja alikuwa amesimama mlangoni. Aliponiona na tope langu, jogoo kwapani, akafungua mdomo. Kisha akamwona mzee, akainama.

"Baba! Shikamoo baba."

Ningependa kuwaambia nilizimia. Sikuzimia, nilibaki nimesimama na jogoo wangu kama mwizi aliyeshikwa.

"Malahaba," mzee akajibu, macho kwenye paa. "Mkeo yuko wapi?"

"Baba, si huyu hapa..."

"Nimekuuliza mkeo yuko wapi. Huyu ni mama wa njiani, amenisaidia kukamata jogoo. Mshukulu, aende zake."

Mimi Mungu alininyima vingi lakini pale alinipa akili ya haraka. Nikampa Masanja jogoo, nikasema asanteni, nikaondoka, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikanawa tope, nikajifunika kanga mbili. Nikatokea sebuleni kichwa chini, nikapiga magoti mbali karibu na mlango.

"Shikamoo baba."

"Malahaba, mama. Pole na kazi."

Sikuona kitu isipokuwa miguu. Safari hii katambuga za tairi, na goti lenye damu.

Nikapika, nikaandaa, Masanja akala na baba yake nami nikajibanza jikoni nikisikiliza. "Mboga tamu," nikamsikia mzee. "Ila haina pilipili. Nasikia mimi na pilipili ni ndugu." Nikaziba uso kwa kanga, machozi na kicheko pamoja.

Nilidhani yamekwisha. Ndipo sauti ya Mama Koku ikalia uani, na sauti yake mnaijua, ina spika. "Mke wa Masanja! Uliteremkia wapi na yule mzee wako wa baiskeli? Ulivyomkumbatia vile, mwenzangu, utadhani mnakwenda fungate!"

Nikasikia Masanja ameacha kutafuna. Nikajua shangazi ameshinda, kesho naambiwa nifungashe.

Mzee akanawa mikono taratibu. "Masanja," akasema, "yule mama wa njiani anaongea sana, lakini ana moyo. Huyu mkeo ni mwingine. Nikifika Bujora nitamwambia shangazi yako ukweli mtupu: mkeo ana heshima, tangu nimjue hajanitazama usoni hata mara moja."

Mchuchumio nikampa Mama Koku, ambaye hajawahi kuuvaa. Kesho yake nikaanza kutembea, na sikuacha. Baiskeli nimeapa sipandi ya mtu, labda kwanza nizunguke mbele nimtazame mwenyewe usoni, sawasawa, hata kama ni utovu wa adabu.