Mchi wa Pili

Jana, sokoni Kasulu, muuzaji mmoja alifungua gunia la udaga, na ile harufu chachu ya mihogo iliyovundikwa ikanirudisha uani kwetu, Kibondo.

Tulikuwa tunatwanga wawili kwenye kinu kimoja, mimi na msichana wa Kirundi aliyevuka mpaka peke yake, mama yangu akamchukua. Mchi wangu ukishuka, wake unapanda. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni langu la njano. Mama alimpa asubuhi bila kuniuliza, kisha akaenda shamba.

Wakaingia mgambo wawili, wanatafuta wakimbizi wanaoishi nje ya kambi. Walimsalimia mwenzangu kwa Kiha, lugha ya kwetu, naye akaitikia vizuri tu, kama sisi. Basi mmoja akanigeukia mimi.

"Huyu ni ndugu yako?"

Yule msichana aliniangalia tu, unga umemjaa kwenye nyusi. Hakuna aliyenishika mkono wala kunitisha. Nililiangalia lile gauni.

"Hapana," nikasema. "Si wa kwetu."

Akaulaza mchi wake chini taratibu, akafuatana nao.

Jioni mama aliuliza aliko. Nikamweleza yote, nikaongeza kwamba sikusema uongo.

"Ni kweli, mwanangu," akasema. "Hukusema uongo."

Akauokota ule mchi, akasimama upande wa pili wa kinu. Tukatwanga mpaka giza likaingia, na kila mara michi yetu iligongana.