Mgeni Aliyesema Ananionea Wivu

Mgeni wetu aliweka kijiko chini, akanitazama, akashika kifua na kusema kwa Kiingereza kwamba ananionea wivu. Alisema mbele ya mume wangu, mama mkwe na watoto wetu wawili, Jumapili mchana baada ya kanisa, huku sambaza, dagaa wa ziwani, nilizokaanga mwenyewe bado zikiwa mdomoni mwake.

Kiingereza changu ni kidogo. Lakini neno hilo nililijua, maana nilisoma Kifaransa Goma na neno ni lile lile, wamelibadilisha mkia tu. *Jalouse*. *Jealous*. Kati ya yote yaliyosemwa mezani siku hiyo, ndilo pekee nililolishika bila kumuuliza mtu.

Mume wangu alicheka. Kisha akamshukuru. Akamshukuru!

Kwetu mtu hamwambii mwenzake usoni kwamba anamwonea wivu. Ishyari, kama tunavyoliita kwa Kinyarwanda, ni jambo la kuombewa. Aliye nalo hulificha, na anayeonewa huomba Mungu amlinde. Huyu alilitoa hadharani, akatabasamu, akaomba aongezewe sombe, yaani kisamvu. Nikamwongezea. Mchuzi ukamwagika kwenye kitambaa cha meza.

Alikuwa mwanamke Mkorea, mtaalamu wa maji, aliyeletwa kufanya kazi na ofisi ya mume wangu kwa mwaka mmoja. Nilianza kumchukia pale alipopokea sahani. Aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na hakugusa chakula mpaka mama mkwe alipoanza. Mama mkwe wangu, ambaye si mwepesi wa kusifu, alinigeukia akasema, "Huyu binti amelelewa." Mimi amenifahamu tangu nikiwa mchumba na sijawahi kusikia neno hilo likielekezwa kwangu.

Lazima nieleze tunavyoishi. Mume wangu alikulia Uganda na alirudi na Kiingereza. Mimi nilizaliwa Goma, nikavuka mpaka kuja huku nikiwa msichana na Kifaransa pamoja na Kiswahili chetu cha Kongo, ambacho yeye hukiita cha barabarani. Tulikutana kwenye Kinyarwanda. Kwa Kinyarwanda mume wangu ni mpole, ana maneno machache, huuliza kama watoto wamekula na kama mlango umefungwa. Huyo ndiye aliyenioa na sikuwa na shida naye.

Kwa Kiingereza ni mtu mwingine kabisa. Hupiga meza. Huiga sauti za watu. Hucheka mpaka anavua miwani na kufuta macho. Kabla ya mgeni huyu kuja nilikuwa nimemwona mtu huyo mara chache tu, kwenye harusi za ndugu zake wa Kampala. Sasa nilimsikia kila jioni kwenye simu na mgeni, akizunguka uani na kusema "mai dia", mpenzi wangu, hivi na "mai dia" vile. Nilipomuuliza, alisema Uganda kila mtu ni mai dia, hata muuza mkaa.

"Basi mwite muuza mkaa hivyo," nilimwambia. "Yule anakuja hapa kila wiki."

Nina duka dogo la vitenge mtaa wa Mbugangari, karibu na mpaka wa Goma. Siku chache baada ya chakula kile, mgeni alinijia dukani, peke yake. Alishika sketi niliyovaa, akaonyesha kwamba anataka kitenge kama hicho. Si kinachofanana nacho, hicho hicho. Akatuonyesha kwa kidole: wewe, mimi, sawasawa.

Nikaivuta sketi yangu kutoka mkononi mwake. Kwetu wanaovaa kitenge kimoja ni watu wa familia moja kwenye sherehe, au wake wa bwana mmoja.

"Kimeisha," nikamwambia.

"Hakuna kingine?" akauliza kwa Kiingereza.

"Ndiyo."

Mume wangu angechanganyikiwa hapo. Kwa Kiingereza chake cha shule, ukiulizwa hakuna ukajibu ndiyo, maana yake kipo, na amenisahihisha hilo mara nyingi. Huyu, kama mtu ambaye kwao pia hujibu hivyo, alielewa papo hapo kwamba hakuna, akatikisa kichwa kwa huzuni na kuaga. Hata hilo liliniudhi. Sikutaka anielewe.

Mwenzangu wa duka la jirani, ambaye huvuka kila asubuhi kutoka Goma kwa Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpaka, alikuwa amesikia yote, na ya mezani nilikuwa nimemsimulia.

"We, uyu mwanamuke alikuambia ye mwenyewe kama ako na wivu?"

"Kwa mdomo yake."

"Mbele ya bwana?"

"Mbele ya bwana. Na bwana akasema asante."

Aliweka chini kitenge alichokuwa akikunja. "Bon. Donc unangoja nini? Umuulize!"

Nilitunga sentensi yangu ya Kiingereza wiki nzima. Niliisema nikiosha vyombo, nikipanga mali dukani, nikisuka nywele za binti yangu. Nafasi ilipatikana Jumamosi ya umuganda, ile ya mwisho wa mwezi tunapofanya kazi za pamoja. Ofisi ya mume wangu ilikuwa ikizibua mfereji upande wa ziwa, si mbali na Grande Barrière, kivuko kikubwa cha mpaka. Mgeni alikuwa na buti za plastiki na koleo lililomzidi urefu. Watu walipokwenda kukaa kwa ajili ya mkutano, nilimvuta kando.

"Kwa nini unamtaka mume wangu?" Niliisema bila kukosea hata neno moja.

Hakuelewa. Sikuamini. Nikarudia, nikaongeza kwamba nilimsikia nyumbani kwangu, mezani kwangu, akisema ana wivu.

Alifunika mdomo kwa glavu yenye matope. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Kisha akaanza kunieleza kwa Kiingereza cha vipande vidogo vidogo, akivitenganisha ili nivifikie. Kwao, alisema, ukiona kitu kizuri cha mtu unamwambia hivyo. Ni sifa. Mama mkwe wangu ananiita mtoto. Watoto wangu wanagombania kukaa karibu nami. Yeye anakula chumbani, akiangalia simu, na kwao ni usiku na mama yake amelala.

"Na kitenge?"

"Kwetu marafiki wanavaa sawa," alisema. "Sina rafiki hapa."

Nilitazama chini. Angeishia hapo, mambo yangeishia hapo. Lakini alitaka kunituliza zaidi. Akatafuta maneno, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayefichua jambo lisilo la adabu:

"Mume wako... anaongea sana. Sana. Mimi nachoka."

Alifikiri amenipa zawadi. Mume wangu, ambaye nimekaa naye jioni nyingi nikisikia saa ya ukutani tu, anaongea mpaka mtu anachoka! Nilirudi kukaa kwenye mkutano na sikusikia hata neno moja la kiongozi wetu wa mtaa. Wivu wangu ulikuwa umeingia na mtuhumiwa mmoja, sasa mtuhumiwa ameachiwa na wivu haukuondoka.

Jumatatu mume wangu alirudi mapema. Mgeni alikuwa amemwomba radhi ofisini, mbele ya wenzake, akiinama mpaka kiunoni, na ikabidi aeleze kwa nini.

"Ulimuuliza mgeni kama ananitaka?"

"Ndiyo."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza."

Alikaa. Nilimwona akijizuia asicheke, na pia akijizuia asinigombeze. Ofisini tayari walikuwa wamempa mume wangu jina la utani.

"Cheri," nikamwambia, "yeye anasema unaongea sana. Niambie na mimi. Yale unayomwambia, niambie kwa lugha ninayoielewa."

"Ni upuuzi tu."

"Nautaka huo upuuzi."

Akajaribu. Alinisimulia kuhusu mwalimu mkuu wa shule yake ya bweni huko Mbarara, aliyekuwa akihutubia wanafunzi na meno ya bandia yakimponyoka. Alianza vizuri, akasimama, akainua kidole kama yule mwalimu. Lakini katikati akanyamaza, mkono ukabaki hewani.

"Kwa Kinyarwanda haichekeshi," alisema.

"Endelea hata hivyo."

Hakuendelea. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Pale shuleni walimwita mkimbizi, na aligundua kwamba akiwachekesha wanamwacha. Kwa hiyo alijifunza kuchekesha kwa Kiingereza. Kinyarwanda kilikuwa cha nyumbani, cha baba na mama wakinong'ona kuhusu nani amekufa na lini tutarudi. Hakuwahi kuona mtu akipiga meza kwa lugha hiyo.

Nilimwonea huruma. Nilikaa karibu naye na nikamshika mkono. Lakini nisidanganye: hata wakati ule, huku nimemshika, nilikuwa nawaza wale vijana wa Mbarara, waliomwonea na kumwita mkimbizi, na ambao ndio waliopata kuusikia utani wake wote. Niliwaonea wivu na wao.

Mgeni alikuja kula tena, mara kadhaa kabla ya mwaka wake kuisha. Hakutaja wivu tena. Alisema "chakula kizuri" kwa uangalifu kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na mama mkwe aliendelea kumsifu. Tuliagana vizuri.

Aliyekuja badala yake ni mwanamume kutoka Denmark, mtu mzima mwenye kipara, hamtupii jicho mwanamke yeyote. Hivi ninavyoandika wamekaa nje, kwenye viti vya uani. Mume wangu amesimama, ameinua kidole, anaigiza mtu fulani. Mdenmark anacheka mpaka kiti kinalia. Mume wangu amevua miwani.

Nimefunga dirisha, nikasema ni kwa sababu ya mbu.