Betri ya Avelina na mayai arobaini ya Rhoda

Saa mbili asubuhi, Avelina Kapele ameketi kwenye kigoda katika chumba cha uani nyumbani kwake Izia, mjini Sumbawanga. Mbele yake kuna ndoo, pembeni trei ya mayai. Anachukua yai, analigonga ukingoni mwa ndoo, kisha analipasua kwa vidole gumba.

Ndani kuna kifaranga aliyekamilika. Ana manyoya, ana mdomo, miguu imekunjwa kifuani. Hapumui.

Anachukua jingine.

Mayai ya trei hii yameandikwa herufi R kwa kalamu ya buluu. Ni ya mteja wake, Rhoda, mkazi wa Kasense, na yalitakiwa kuanguliwa juzi. Avelina angeweza kuyatupa yote kama yalivyo, lakini anasema hawezi kwenda kumwambia mwenye mali kwamba vifaranga wote wamekufa kabla yeye mwenyewe hajawaona kwa macho yake.

"Nikimwambia hata mmoja hakupona, iwe kweli," anasema, bila kuinua uso.

Avelina ana miaka 48 na ni mama wa watoto watatu. Kwa miaka tisa amekuwa akitotolesha vifaranga kwa mashine. Wafugaji wa Izia, Malangali na Kasense humletea mayai ya kuku wao, naye huwarudishia vifaranga na kulipwa kwa kila anayetoka mzima. Alianza na mashine ndogo ya taa ya mafuta, baadaye akanunua ya umeme inayobeba mayai mia tano.

Ya umeme ilimpunguzia usumbufu wa kuchungulia utambi, ila ikamletea mwingine. Mashine ya kutotolesha haizimwi. Usiku na mchana inakula umeme, na huku nyanda za juu za Ufipa kuna baridi, kwa hiyo inakula zaidi. Ukijumlisha na taa za kuwapasha joto vifaranga waliokwisha kutoka, luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa ikimeza karibu shilingi elfu themanini kwa mwezi. Ipo miezi ambayo ilimeza faida yote.

Mwaka jana, baada ya mavuno, yeye na mumewe Kalisti walikaa wakashauriana. Walikuwa na maksai wawili wa kulimia. Kalisti ndiye aliyetoa wazo la kuwauza, wanunue paneli za sola na betri kubwa ya kutunza umeme wa usiku. Alisema jua halileti bili, na kwamba deni la kukosa maksai lingelipwa na vifaranga ndani ya misimu miwili.

Paneli nne zilipandishwa juu ya bati. Betri waliinunua kwa mfanyabiashara aliyekuja mjini na gari la mizigo, akiuza kwa bei nafuu kuliko madukani. Isdori, fundi wa mtaani kwao, ndiye aliyefunga mfumo wote. Mchana mashine ilitumia jua, usiku ilitumia betri, na betri ikiishiwa mfumo ulihamia wenyewe kwenye umeme wa luku.

Matumizi ya luku yalishuka yakafika chini ya nusu. Avelina anakumbuka kwamba miezi ile alilala usingizi kama mtu asiyedaiwa. Alimnunulia binti yake mdogo viatu vya shule, akaanza kuhesabu lini wangenunua ndama.

Kisha masika yakaingia, na mawingu yakatanda siku nzima. Ilipofika Januari, betri ilianza kuisha mapema, naye akadhani ni kwa sababu ya uhaba wa jua. Alimuuliza Isdori, ambaye naye alisema hivyohivyo.

Siku ya tukio, Avelina alikwenda Malangali kumzika shangazi yake. Kalisti alikuwa shambani, watoto shuleni. Umeme wa luku ulikuwa umekatika tangu asubuhi na mvua ilikuwa ikinyesha, lakini betri ilionyesha kwamba imejaa. Kwa namna ilivyouzwa, ilipaswa kuibeba mashine mpaka jioni.

Kwa rekodi ya mfumo, iliibeba kwa muda usiotosha hata kupika maharage.

Aliporudi giza likiwa linaingia, mashine ilikuwa imezizima. Alifunika trei kwa mablanketi, akawasha jiko la mkaa mle chumbani, akakesha nalo mpaka umeme uliporudi. Mayai yalikuwa yamebakiza siku tatu tu.

Afisa mifugo aliyempigia simu alimwambia kwamba huenda baridi ndiyo iliyowaua vifaranga, au huenda ni hewa ya mkaa, kwa kuwa kifaranga wa siku za mwisho huvuta hewa kupitia ganda. Hakuna wa kumthibitishia.

"Hilo ndilo linalonitesa," anasema Avelina. "Sijui kama niliwakuta wamekufa au niliwaua mimi nikidhani nawaokoa."

Kesho yake Isdori aliifungua betri mbele ya Avelina na Kalisti. Ndani mlikuwa na seli kuukuu, za rangi tofauti, zilizong'olewa kwenye betri zilizokwisha kutupwa na kufungwa upya kwa plastiki. Chini kabisa palikuwa na kifuko cha mchanga, cha kuongeza uzito. Namba ya simu ya yule mfanyabiashara haipatikani tena. Isdori alikaa chini pale uani, akaomba radhi kwamba alifunga kitu bila kukikagua. Kalisti alichukua jembe, akarudi shambani. Msimu huu, bila maksai, amelima nusu tu ya shamba lao la mahindi, na nusu nyingine ni majani.

Wateja wengi wamekubali kuleta mayai mengine, ingawa wapo waliosema watampelekea mtu mwingine. Kwa Rhoda hali ni tofauti. Wiki moja baada ya kuleta mayai yake, kideri, ugonjwa wa kuku, kiliingia bandani mwake kikafagia kuku wote. Mayai yale arobaini ndiyo yaliyokuwa yamebaki.

Saa sita mchana, siku hiyohiyo ya kuvunja mayai, Avelina alipanda bodaboda kwenda Kasense. Alimkuta Rhoda akianika ulezi. Rhoda ni mdogo kwa Avelina kiumri, mtoto wa wafugaji waliohamia Rukwa kutoka Shinyanga wakiswaga ng'ombe. Alimwamkia shikamoo, akamtolea kiti. Avelina hakuketi. Alieleza yote akiwa amesimama, betri, msiba, jiko la mkaa.

"Hata mmoja?" aliuliza Rhoda.

"Hata mmoja. Nimeyavunja yote."

Rhoda aliendelea kusambaza ulezi kwa kiganja. Baadaye alisema kwamba kuku wale mama yake ndiye aliyempa siku alipoolewa, walitoka nao Shinyanga, na mama yake sasa ni marehemu. Avelina alimwahidi kumlipa kuku wengine. Rhoda alitikisa kichwa.

"Bora ungenipigia simu, mama," alisema. "Sasa nikishakuona hivi, nitakukasirikiaje?"

Avelina alisema anarudi. Ndipo Rhoda, akimsindikiza njiani, alipotaja kwamba miaka mitatu iliyopita alimpa rafiki yake Debora tetea mmoja wa uzao uleule. Debora alihamia Laela, na simu yake ilibadilika siku nyingi. Rhoda alilisema kama jambo la kupitishia muda, wala hakuligusa tena.

Avelina hajalala vizuri tangu asikie habari hiyo. Betri ameitoa. Paneli zinamsaidia jua likiwaka, na luku imerudi kula kama zamani. Mashine inazunguka na trei moja tu. Betri nyingine hana mwaka wa kuipangia.

Jambo analolipanga ni Jumamosi. Siku hiyo atapanda gari kwenda Laela, aulizie sokoni na kanisani mpaka ampate Debora.

"Tetea wa kupewa hakai miaka mitatu kwenye nyumba ya watu," anasema. "Ameshachinjwa, najua. Lakini huenda alitaga na kuangua kabla. Nitaenda niulize."