Njia ya Kwenda Bondeni

Fundi seremala alipokatwa mguu, mkewe hakulia. Alikuwa ameshalia mapema, wakati kidonda cha kisukari kilipoanza kunuka na wateja wakawa wanasimama nje ya karakana, wakiagiza meza kwa kupaza sauti. Mbuzi waliishia kwenye dawa. Cherehani ikaenda kwenye nauli na vipimo, na binti yao akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Daktari aliposema mguu ukatwe upesi, kilichobaki ni shamba la bondeni, lenye udongo mweusi unaotoa kabichi za kujaza karai.

Aliyelinunua ni shemeji yake, kaka mkubwa wa fundi. Alikuja hadi wodini, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Shemeji, nimezunguka kijiji kizima," alisema kwa upole. "Hakuna anayelitaka. Bora nilichukue mimi, lisitoke kwenye ukoo."

Alitoa bei ya kutupa. Mgonjwa alikuwa akiweweseka kwa homa, mwanamke akaweka dole gumba kwenye karatasi ya mauziano.

Miezi ikapita. Siku moja kisimani, muuza maziwa akamwambia mwanamke, "Mimi ningelinunua lile shamba kwa bei mara mbili. Shemeji yako aliniambia lina kesi."

Alirudi nyumbani na ndoo tupu. Mumewe alikuwa uani akijifunza kutembea kwa magongo aliyoyachonga mwenyewe. Mwanamke alimtazama akiyumba, akaamua kutomwambia.

Sasa, kufika bondeni kulikuwa na njia moja tu. Huku mwamba, huku kijito chenye kingo za kuporomoka. Mkokoteni wa shemeji ulipita uani kwa mwanamke, kati ya jiko na choo, kwa hisani yake. Akasubiri. Akasubiri kabichi zifunge, lori la mnunuzi liitwe. Ndipo asubuhi moja akachimba mashimo, akasimamisha nguzo, akajenga banda la kuku katikati ya njia na kulizungushia miiba.

Shemeji alikuja mbio, jasho likimtoka.

"Shemeji, utani gani huu?"

"Kuku wangu hawana pa kulala."

"Kuku gani? Huna hata kifaranga!"

"Watakuja."

Fundi alijikokota hadi mlangoni. "Mama watoto, mfungulie. Huyu ni ndugu yangu."

"Alipomwambia muuza maziwa kwamba shamba lina kesi, alikuwa ndugu wa nani?"

Fundi akamgeukia kaka yake, akingoja akanushe. Kaka akatazama viatu vyake. Fundi akageuka taratibu, akaingia ndani.

Mwenyekiti wa kijiji aliitwa. Akauliza kama njia iliandikwa kwenye mauziano. Haikuandikwa, shemeji alikuwa na haraka mno siku ile. Lori likaondoka tupu. Kabichi zikapasuka, zikaoza, na upepo ulipopandisha harufu yake, mwanamke alitoa kigoda nje akaketi kuivuta kama manukato.

Msimu uliofuata shemeji alimuuzia muuza maziwa shamba lile kwa hasara, akinung'unika mpaka basi. Siku hiyohiyo mwanamke alilibomoa banda.

Mguu haukuota. Macho ya fundi nayo yameanza kufifia, na mkewe hulima kibarua kwa muuza maziwa, kwenye udongo uleule uliokuwa wake, apate pesa ya dawa. Jamaa humwuliza kama hajutii kuvunja undugu.

"Najutia kulijenga lile banda kwa miti," huwajibu. "Ningejenga la mawe."