Maswali ya Daktari wa Tororo

Miaka yote niliyokaa nyumbani kwa baba mkwe wangu sikuwahi kumshika mkono. Huko Lunyo, upande wa Uganda, mke wa mtoto na baba wa mume wake hawasalimiani kwa mikono, hawakalii kiti kimoja, na chumba anacholala mzee, mkwe haingii hata kufagia. Mimi nilizaliwa Busia, upande wa Kenya, na kwetu desturi ni hiyo hiyo, kwa hiyo sikuona ajabu. Tukikutana njiani nilimpisha kwenye majani, naye alipita akitazama mbele. Tukiisha kupitana ndipo aliposema, "Hamjambo huko?" kana kwamba tulikuwa wengi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu. Lakini mimba yangu ya kwanza ilipoharibika, na wanawake wakawa wananisema vibaya kisimani, yeye alianza kutembea hadi ziwani alfajiri kununua samaki. Aliwaweka mlangoni mwa jiko langu akaondoka bila neno. Alifanya hivyo mpaka nikapata nguvu. Nilimpenda mzee yule. Sina neno lingine la kusema, na wakati ule hata hilo nisingeweza kulisema.

Watu wa pale walizungumza Kisamia. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha sokoni Busia, nikaongezea kidogo cha shule, maana niliishia darasa la nne. Waliniita yule wa ng'ambo. Mume wangu alikuwa mtoto wa pekee wa kiume, naye alikuwa kazini Jinja. Nyumbani tulibaki mzee, mama mkwe, mimi na watoto wangu wadogo.

Tulikuwa na dispensari ndogo yenye dresa mmoja, mtu wa kufunga vidonda na kugawa dawa. Daktari mwenyewe alikaa Tororo, na mvua zikikaza barabara ya bondeni ilizama, akawa hawezi kutufikia. Kwa hiyo alipatana na wenye kiwanda cha pamba, maana wao walikuwa na simu. Dresa akishindwa, aliruhusiwa kwenda kiwandani, ampigie daktari, amweleze anachokiona kwa mgonjwa, naye aambiwe la kufanya. Mtoto wa jirani yetu alipona kwa njia hiyo. Dresa alitumwa arudi akamhesabie pumzi, akaenda tena kwenye simu, akaambiwa dawa na kipimo chake. Baada ya hapo watu walisema simu ile ina dawa ndani yake. Bibi mmoja alikwenda kiwandani akaomba goti lake lisogezwe karibu nayo.

Mwaka huo mvua zilianza kabla kiwanda hakijamaliza pamba. Mzee akaugua. Mwili ulikuwa wa moto, akalalamika tumbo na kiuno, chakula akakisukuma. Dresa alikuwa amekwenda kwao Buhehe kumzika mama yake, funguo za dispensari akamwachia mfagiaji. Mama mkwe alinijia jikoni.

"Wewe una Kiswahili," akasema. "Nenda ukaseme na kile chuma."

Ofisi ya kiwanda ilijaa wanaume waliokuwa wakijikinga mvua, wapima pamba na wapakiaji. Karani, Mhindi mmoja, alizungusha mkono wa simu, akasema na watu wa posta, kisha akanipa.

"Mama, hiyo nashika kinyume. Mdomo iko chini, sikio iko juu."

"Mwache," akasema mpakiaji mmoja. "Pengine kwao ng'ambo wanasikia kwa kidevu."

Wakacheka. Nami ningecheka siku nyingine.

Sauti ya daktari ilitoka mbali, kama ya mtu aliyeingia kwenye pipa. Kiswahili chake kilikuwa cha Pwani, safi.

"Wewe ndiye dresa?"

"Hapana. Dresa ana msiba. Mimi ni mkwe wa mgonjwa."

"Basi wewe utakuwa macho yangu. Utakwenda umtazame, kisha urudi unijibu."

Akanipa maswali, na baada ya kila moja akataka niliseme tena ili ajue nimelishika. Mwili una moto? Anatapika? Maumivu yako wapi hasa? Hayo niliyasema vizuri. Nilipofika la mwisho sauti ilinishuka.

"Sikusikii, mama! Sema kwa nguvu!"

"Kama anakojoa vizuri!" nikapiga kelele.

Mzee mmoja mpima pamba alichukua kofia yake akatoka akasimama mvuani. Hakuwa na hasira. Hakutaka tu kumsikia mkwe akitamka neno hilo juu ya baba wa mumewe.

Nilirudi nyumbani. Sikuweza kuingia chumbani, kwa hiyo nilisimama nje chini ya ukingo wa paa, karibu na ukuta wa chumba cha mzee, na mama mkwe akawa ndani. Niliuliza kupitia ukutani. Moto upo, akasema. Hatapiki. Maumivu yako chini, upande wa kiuno.

"Na daktari anauliza kama haja ndogo inakwenda."

"Inakwenda," akasema mara moja.

Mzee alikuwa macho. Alisikia swali, akasikia na jibu, akanyamaza.

Nilirudi kiwandani nikamweleza daktari hayo. Akasema huenda ni malaria, mfagiaji anipe vidonge kutoka kopo fulani. Kisha akasema, "Na maji. Anywe maji mengi, na uji mwepesi. Akikataa, mwambieni daktari ameamuru."

Niliondoka pale na furaha, sitaficha. Nilichemsha maji, nikayapoza, nikajaza kibuyu nikakiweka kizingitini. Mama mkwe alikitazama muda mrefu kabla hajakichukua. Ndani nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Usinywe haya yote." Mzee akamjibu, "Yule mtoto ametembea kwenye mvua kwa ajili yangu. Nipe."

Kibuyu kilirudi kitupu. Nikakijaza tena.

Kulipokucha nilisikia mlio ambao sikujua kama unatoka kwa mtu au kwa ng'ombe. Mama mkwe akaniita nyuma ya ghala. Alinigeuzia mgongo, akazungumza akitazama mihogo.

"Maji hayatoki," akasema.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kabla hujaenda huko kwenye chuma. Matone tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, wewe mke wa mwanangu? Nikuambie uchi wa baba mkwe wako, ukautangaze kiwandani?" Akang'oa jani la muhogo. "Na yeye alinikataza. Alisema afadhali apasuke kuliko yule mtoto ajue."

Sikumlaumu siku hiyo na sijamlaumu hadi leo. Kama ningekuwa mimi ndani na yeye nje, ningejibu vivyo hivyo.

Nilikimbia kiwandani. Safari hii hakuna aliyenitania. Karani aliniona akaanza kuzungusha simu kabla sijamwomba. Nilimwambia daktari yote kwa sauti kubwa, mbele ya wanaume wale, na sikushusha sauti kwenye neno lolote.

Daktari alianza na maji.

"Amekunywa maji kiasi gani?"

"Yote niliyompa."

"Chini ya kitovu, tumbo ni gumu?"

"Sijui."

"Hukutazama?"

"Mimi ni mkwe wake, daktari."

"Mama, leo wewe si mkwe wa mtu."

Aliweza kusema hivyo, kwa kuwa alikuwa Tororo.

Alinieleza kwamba njia ya mkojo imeziba, kwamba kuna mpira mwembamba unaoingizwa ili maji yatoke, na dresa anao na anajua kuutumia. Mzee asipewe tena hata tone. Dresa atafutwe upesi. Yeye mwenyewe angejaribu kuja kwa gari, lakini karani, aliyekuwa ameegemeza sikio karibu na langu, alitikisa kichwa. "Lori yetu ya pamba nalala kwa maji tangu jana," akasema. Kisha akatoa baiskeli yake nje, akamkabidhi mpakiaji yule aliyenitania juu ya kidevu, akamwambia, "Buhehe. Wewe usisimame popote." Mpakiaji akatoka mbio akiisukuma baiskeli kwenye matope, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuipanda.

Nami nikarudi nyumbani nikaingia chumbani.

Sikujua chumba kile kilivyo. Kilikuwa na kitanda cha kamba, kigoda, na koti lake la kanisani likining'inia msumarini. Mzee alikuwa ameelekea ukutani. Mama mkwe aliponiona alifunika uso kwa khanga.

"Nani?" mzee akauliza.

"Ni mimi, baba. Daktari ameniagiza nitazame tumbo."

Alilivuta blanketi mpaka shingoni. Ilimchukua muda. Chini ya blanketi tumbo lilikuwa limeinuka kama la mama mjamzito. Hilo ndilo nililoliona.

"Mwambie umeliona," akasema. Hakukuwa na ukali katika sauti yake. "Sasa toka, mwanangu."

Nikatoka. Ningeweza kubaki. Ningeweza kulifunua blanketi lile kwa nguvu, maana yeye hakuwa nazo tena. Lakini mkononi sikuwa na mpira, nilikuwa na macho tu, na macho yangu yasingemtoa maji.

Alianza kusema ovyo mchana. Alimwita mama yake, akauliza kama ng'ombe wamevuka. Baadaye mlio ukapungua, tukadhani amepata nafuu, ndivyo watu hudhani. Alikufa kabla ya jioni. Dresa alifika wanawake wakiwa wameshaanza kulia. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi kiunoni, kopo lenye mpira kalibana kwapani, naye mwenyewe bado alikuwa amenyoa kichwa kwa msiba wa mama yake. Alisimama uani na kopo lake. Hakuna aliyemwambia aketi.

Siku ya mazishi nilikaa mbali na maiti, kama inavyompasa mkwe. Mume wangu alifika kutoka Jinja kaburi likiwa limeshafunikwa.

Daktari alikuwa ametaka apewe habari, kwa hiyo baada ya mazishi nilikwenda kiwandani mara ya mwisho. Nikamwambia.

"Pole sana, mama," akasema. Kisha akauliza, "Siku ile ya kwanza, nani alikuambia anakojoa?"

"Ni mimi niliyekuambia wewe, daktari."

"Najua ni wewe. Nauliza, wewe ulimsikia nani?"

Karani alijifanya anaandika. Ningemjibu nini? Jina la mama mkwe lingekwenda hadi Tororo, nalo lisingemrudisha mtu. Nikauliza mimi, "Kama ungejua siku ile ya kwanza, angepona?"

Waya ulikwaruza. "Huenda," akasema. "Kwa umri wake, sijui."

Mtu wa posta akaingia katikati akauliza kama tumemaliza. Nikasema tumemaliza.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe ameketi chini, amenyoa nywele, miguu ameinyoosha mbele.

"Amesemaje yule mtu?" akaniuliza.

"Amesema pole."

"Hakuuliza neno?"

"Hakuuliza, mama."

Akasogea kidogo kwenye mkeka, nikakaa kando yake.