Mishale Yote kwa Mkurugenzi

Mkurugenzi wetu alikuwa mtu wa kujiona, na sijawahi kuelewa alichokuwa anakiona. Ofisi yetu ya Shangani ilitengeneza programu ya kuwekea nafasi nyumba za wageni. Kabla ya kuandika chochote nilichora mchoro: kila sehemu ya programu na kisanduku chake, na mshale kutoka kwenye sehemu inayotegemea kwenda kwenye ile inayotegemewa. Nilimweleza taratibu, kama anayelisha mtoto uji, kwamba kinachotegemewa kikiharibika, vyote vinavyokitegemea vinaharibika nacho. Kwa hiyo mishale iende kwenye vitu visivyobadilishwa ovyo.

Alichosikia yeye ni kwamba kuelekewa na mishale ni heshima. Akaamuru mishale yote ielekee kwenye ukurasa wa salamu zake, wenye picha yake.

"Bila mimi hapana kitu humu," alisema.

Nilibisha, akanikata kauli. Wenzangu, wanafiki wakubwa, wakaitikia "Naam, mkuu," nikaigeuza mishale kwenye mchoro, na tukaijenga hivyo hivyo. Mgeni hapati chumba mpaka salamu za bwana mkubwa zifunguke kwanza.

Mama yangu mdogo ana nyumba ya wageni Paje. Aliacha kilimo cha mwani kwa ajili yake, akaiingiza kwenye programu yetu kwa kuwa mimi nipo, nami nikaiongezea kisanduku chake kwenye mchoro.

Sikukuu ilipokaribia, mkurugenzi akabadilisha picha, akaweka mpya aliyopigwa amevaa joho. Ilikuwa kubwa kupita kiasi. Salamu zikagoma kufunguka, na vyumba vyote vikagoma nazo. Watu waliona ukurasa mweupe, wakatafuta kwingine, na nyumba ya mama mdogo ikapitisha sikukuu nzima tupu. Mkurugenzi akalaumu intaneti. Kisha, mpumbavu yule, akautia mchoro wangu kwenye fremu na kuutundika nyuma ya kiti chake. Ushahidi wa kosa lake mwenyewe, na kila anayeingia anaonyeshwa.

Mama mdogo alikuja ofisini siku ambayo mkurugenzi hakuwepo. Nikamwamkia, akaitikia huku anautazama mchoro nyuma ya kiti cha mkurugenzi.

"Mwanangu, mie niko wapi humu?"

Nikamwonyesha kisanduku cha pembeni kabisa. Mshale ulitoka kwake; hakuna hata mmoja uliomwendea.

"Basi nfute. Nshachoka."

Niliifuta nyumba yake kwenye programu pale pale. Programu haikutikisika. Wala hakuna aliyeuliza.