Robo ya Mwisho ya Fundi Alojzy

Tuelewane mapema: Fundi Alojzy Kurzeja hakuwa mchoyo wa ujuzi. Hapa Gorlice, mji wetu mdogo wa Poland, wapo waliomsema hivyo, na wengine wao hata sinki la jikoni likiziba hawajui pa kuanzia, lakini midomo wanayo. Alojzy alifundisha. Kwa miaka ishirini na saba alipokea wanagenzi kutoka chama cha mafundi, akawaonyesha kukata bomba, kuchonga meno yake, kuzungusha nyuzi za katani juu ya meno hayo na kupaka dawa nyeupe ya kuzuia maji. Aliyetoka kwake aliijua kazi ya kupasha nyumba joto, kuanzia boila inayochemsha maji mpaka redieta ya mwisho ukutani.

Ila alikuwa na tabia moja. Kila siku saa tisa alasiri, kabla ya kufunga kazi, alichukua spana yake kubwa akapita kwenye kila kiungo alichofunga mwanagenzi, akakiongezea robo mzunguko. Haulizi, haangalii. Anakaza tu, anakwenda kingine.

"Robo ya mwisho ni yangu," alisema. "Nyumba ni ya mteja, lakini jina ni langu."

Na si kwamba alikuwa na roho mbaya, hata kidogo. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, fundi wake alimwacha peke yake kwenye nyumba ya mwalimu mmoja kule Biecz. Kiungo kimoja kikaachia siku ya mkesha wa Krismasi, familia nzima ikiwa kanisani. Waliporudi wakakuta dari limeangukia meza iliyokwisha kuandaliwa, samaki na vyote. Alojzy alimkuta mke wa mwalimu akiokota vipande vya plasta kimoja kimoja kutoka kwenye kitambaa cheupe, bila kusema neno. Laiti angemtukana! Tangu siku hiyo, kwa miaka zaidi ya arobaini, hakuna tone lililowahi kudondoka kutoka bomba la Kurzeja.

Mwanagenzi wake wa mwisho alikuwa Żaneta Wszołek, binti wa muoka mikate, miaka ishirini, mikono imara na ulimi usiolala.

"Fundi, na mswaki wangu utakuja kuukazia robo?" alimuuliza siku moja, akimtazama anavyopita na spana.

"Ukivuja nitakuja."

"Basi leo kapumzike. Viungo kumi na viwili, vyote nimevifunga mwenyewe."

"Umevifunga, ndiyo. Mimi navimaliza. Sogea."

Alisogea. Kwa miaka mitatu alisogea.

Ikafika Machi, mtihani wa kupewa cheti cha ufundi. Mwaka huo Alojzy ndiye aliyekuwa na hofu kuliko binti. Wanagenzi wake wawili waliotangulia walikuwa wameanguka, na chama kilimwandikia barua: akianguka wa tatu mfululizo, fundi anapoteza haki ya kufundisha. Alojzy hakuwa na mtoto. Wanagenzi ndio waliokuwa wakimwita kwenye harusi zao, wakimletea watoto wao awaone. Kumnyang'anya hao ni kumwacha na spana tu.

Kanuni ya miaka mitano sasa inakataza fundi kuingia chumba cha mtihani; kabla ya hapo Alojzy alipita na spana yake hata humo. Basi alikaa kwenye korido ya chama na chai yake ndani ya glasi, ikapoa hata hakuinywa. Ndani, Żaneta alitakiwa kuunganisha redieta mbili kwa mabomba ya chuma, kujaza maji, kupandisha presha mpaka sita na kuiacha nusu saa. Mshale wa geji ukisimama, amefaulu. Ukishuka, hakuna mjadala.

Zenon Bajorek, mkuu wa watahini, alitoka akiwa anafuta mikono. Yeye na Alojzy walikuwa marafiki tangu ujana wao.

"Imeshuka mpaka mbili, Alojzy. Viungo vinne vinatoa maji. Pole, ndugu yangu."

Alojzy alimkuta Żaneta uani, amekaa juu ya ngazi za saruji. Hakumwuliza hali. Alimlipukia.

"Miaka mitatu! Miaka mitatu nakuonyesha kitu kilekile! Viungo vinne? Hata mimi nikiwa nimefumba macho siwezi kuvujisha vinne! Unanitia aibu mbele ya Zenon, mbele ya chama kizima!"

"Nilikuachia wewe," alisema Żaneta.

"Uliniachia nini?"

"Robo yako." Sasa naye alikuwa amesimama, macho mekundu. "Unakumbuka mwaka wa kwanza? Nilikaza mpaka mwisho, ukaja ukaongeza yako, elbo, kile kiungo cha kona, ikageuka pembeni, katani ikakatika. Ukanifokea mbele ya mwenye nyumba. Nikajifunza, Fundi! Nikajifunza kusimama kabla, ili wewe upate pa kukazia. Sasa mkono unasimama wenyewe. Leo ulisimama mara kumi na nne, na wewe hukuwepo."

"Usinitafutie visingizio."

"Sawa," alisema, akachukua begi lake akaondoka.

Nyani haoni kundule. Njia nzima ya kwenda nyumbani Alojzy alimlaumu binti, akamlaumu baba yake muoka mikate, akalaumu katani za siku hizi. Mkewe Honorata alimwekea pierogi, zile sambusa za kuchemsha, mezani, akasikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu: "Kwani wewe umewahi kumwacha amalize?" Alojzy alisema anataka chumvi.

Lakini swali halikumtoka. Asubuhi yake alimpigia Żaneta aje karakana. Alimpa mabomba sita, akamwambia afunge viungo sita kama anavyofunga siku zote, akatoka nje kusimama kwenye baridi. Aliporudi alichora mstari wa chaki kwenye kila kiungo, akashika spana. Cha kwanza kilikazika robo mzunguko ndipo kikagoma. Cha pili, robo. Cha tatu, robo. Vyote sita, ndugu yangu, robo ileile kana kwamba imepimwa kwa rula. Mkono unaosimama mahali pamoja mara sita si mkono mbovu. Ni mkono uliofundishwa vizuri sana kitu cha kijinga.

Alojzy alikaa juu ya ndoo. Hakuwa anamfikiria Żaneta peke yake tena. Alikuwa anamfikiria Seweryn Mikruta, aliyeanguka mara mbili miaka minne nyuma, kijana mpole aliyesema asante hata kwa kupewa msumari. Viungo vyake navyo vilivuja kidogo kidogo, vyote kwa namna moja. Seweryn aliacha ufundi. Wa pili alikwenda zake Norway, na huko Alojzy hakujua anafanya nini.

"Nisamehe," alimwambia Żaneta.

Binti alishtuka. Hakuwa amewahi kulisikia neno hilo likitoka kwenye kinywa hicho. "Tutarudia Mei," alisema. "Nifundishe wiki sita zilizobaki."

"Sikufundishi kitu. Nitakaa kwenye gari."

Wiki hiyo hiyo chama kilimwita kujieleza. Zenon alimvuta pembeni kabla hawajaanza.

"Sikiliza. Andika kwamba alikuwa na homa siku ya mtihani. Mji mzima una mafua, nani atauliza? Mtihani wa Machi unafutwa, haki yako inabaki."

"Hakuwa na homa."

"Najua hakuwa na homa, Alojzy! Nakusaidia!"

"Najua unanisaidia."

Alijaribu kweli. Alishika kalamu, akaandika herufi mbili za neno homa, akazifuta. Halafu akaandika mambo yalivyo: kwamba mwanagenzi hana kosa, kwamba yeye Kurzeja hakuwahi kumwacha mwanagenzi yeyote afunge kiungo mpaka mwisho, na kwamba walioanguka aliwaangusha yeye. Zenon aliisoma, akatikisa kichwa, akagonga muhuri. Haki ya kufundisha ikaondolewa. Wakamruhusu tu kubaki na Żaneta mpaka Mei, kwa ajili ya binti.

Wiki hizo sita zilimkondesha. Żaneta alifunga mabomba ya nyumba nzima ya ghorofa mbili kule Ropa, na Alojzy alikaa nje ndani ya gari, mikono kaibana katikati ya magoti, redio imewashwa asisikie chuma kikigonga. Siku ya kujaza maji alitoka jasho na baridi ile ya Aprili. Binti alikuja kumgongea kioo.

"Njoo uone."

"Inavuja?"

"Njoo tu uone, mzee, usinifie hapa."

Aliangalia geji kwa muda wa saa nzima. Mshale haukutikisika. Alitaka kufurahi, na alifurahi, lakini furaha ilikuwa na uchungu ndani yake, kwa sababu mabomba yale hayakumhitaji.

Mei Żaneta alifaulu. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, bendera za chama zikiwa zimesimamishwa ukutani, alipiga goti mbele ya mkuu wa chama, upanga wa heshima wa chama ukamgusa bega la kulia kisha la kushoto, akainuka akiwa fundi. Desturi ni kwamba aliyemfundisha husimama kando yake. Alojzy, kwa kuwa hakuwa na haki tena, alikaa safu ya wageni karibu na muoka mikate, ambaye alilia mpaka akaazima leso ya Alojzy. Żaneta aliposhuka alikuja moja kwa moja kwake, akampa mkono kama fundi anavyompa fundi mwenzake. Wengine wangeishia hapo na keki.

Alojzy hakula keki. Alipanda gari akaenda Kobylanka, kwa Seweryn Mikruta.

Seweryn alikuwa na miaka thelathini sasa, anaendesha mashine ya kupakia mbao, na ana nyumba mpya ambayo bado haijapigwa rangi nje. Alimkuta fundi wake wa zamani amesimama getini na suti ya kanisani.

"Fundi! Kuna msiba?"

"Hapana. Nimekuja kukwambia kitu, kisha unaweza kunifukuza." Akamwambia pale pale, bila kuzunguka: ile robo, ule mkono unaosimama, viungo vilivyovuja vyote namna moja. "Haikuwa wewe, Seweryn. Ilikuwa mimi."

"Rudia," alisema Seweryn.

Alirudia.

Seweryn alifungua geti. Alimwongoza hadi chumba cha boila, akawasha taa. "Hii nyumba nimeijenga mwenyewe. Kuta mimi, paa mimi, umeme mimi na shemeji yangu. Mabomba haya nilimlipa mtu wa Jasło. Mke wangu akaniuliza, si ulisomea hayo? Nikamwambia nilisomea, ila sina mikono. Kwa sababu hivyo ndivyo ulivyoandika kwenye fomu ya chama. Mikruta hana mikono ya kazi hii. Niliisoma, Fundi. Zenon aliniachia mezani."

Alojzy alishindwa kumtazama. "Ulikuwa nayo," alisema. "Wakati wote ulikuwa nayo."

"Liandike hilo."

"Haki ya kufundisha wameninyang'anya, mwanangu. Maandishi yangu kwa chama hayana thamani tena."

"Nani kakwambia nalipeleka kwa chama?"

Alimletea daftari la shule la mtoto wake na penseli. Alojzy aliegemea boila, akaandika taratibu, akatia jina lake chini na tarehe, akampa. Seweryn alisoma mara mbili. Kisha akafungua mlango, akamwita mkewe aje asome.